Mpaka Ashike Ufunguo

Kwa miaka miwili sikumsalimia Velda Caudill, na shule yetu ni ndogo hivi kwamba kutomsalimia mtu ni kazi ya kutwa. Yeye alikuwa mshauri wa wanafunzi, mlango wa tatu kutoka stoo yangu ya mafagio. Mimi ni mtunza jengo: boila la kupasha jengo joto, vyoo, taa, na pete ya funguo sitini na moja inayonigonga nyonga tangu nilipoacha mgodi. Kila asubuhi alipita akasema, "Umeamkaje, Denver," nami nikakodolea macho dari utadhani linavuja.

Kosa lake ni kwamba alimpeleka binti yangu chuoni. Kwetu huku Brannock, milima ya mashariki ya Kentucky, watu wamezoea kuondoka. Makaa ya mawe yalipopungua wanaume walikwenda Ohio kuunda magari, lakini Ijumaa jioni ungewaona wakirudi, foleni nzima, na nguo chafu za wiki. Anayekwenda chuo harudi Ijumaa. Hilo nililijua, na Jonell ni mwanangu wa pekee, mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nikamwambia neno ambalo baba hamwambii mwanawe: ukitaka kwenda, nenda na huyo anayekupeleka. Mtoto akililia wembe mpe, nikampa. Velda akaja na kigari chake chekundu asubuhi mapema, wakapakia masanduku, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimeinamia mashine ya kukatia nyasi iliyokuwa nzima kabisa.

Miaka tisa imepita. Jonell yuko Columbus, kule Ohio, anapima damu za watu hospitalini, ana watoto wawili ambao sauti zao nazijua kuliko sura zao. Huja mwisho wa Mei, siku tunayosafisha makaburi na kula pamoja kule juu kilimani, na Jumatatu huyoo. Ukiniuliza kama nafurahi kwamba alisoma, nitasema ndiyo. Ukiniuliza kama ningependa arudi, tafadhali niulize jambo jingine.

Nasema haya mapema ili mjue anayewasimulia habari za Velda ni mtu aliyekuwa na kinyongo naye.

Velda ni mzaliwa wa hapa hapa, binti wa mchimba makaa aliyekufa kwa kifua. Alipomaliza shule alikuwa na akili za kwenda popote, ila baba yake alikuwa kitandani na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza. Akafanya kazi duka la chakula cha mifugo, akasoma jioni, kozi mojamoja, miaka kumi. Cheti chake kilikuja kwa posta ndani ya bahasha iliyokunjwa. Hajawahi kulala bwenini hata usiku mmoja. Hakuolewa pia, na sisi wenye midomo tulisema kaolewa na mafaili.

Kazi yake ilikuwa kuwatafutia vyuo watoto ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, na kutafuta njia ya vyuo hivyo kulipiwa, maana hakuna mzazi huku mwenye uwezo huo. Fomu zenyewe ni nyingi kama kunguni, na ngumu zaidi ni kupata sahihi. Babu zetu walitia alama ya msalaba kwenye karatasi za watu waliokuja na tabasamu, wakaja kugundua baadaye kwamba wameuza makaa yote yaliyokuwa chini ya nyumba zao. Tangu hapo, ukimwekea mtu wa Brannock karatasi juu ya meza ya ofisi, anakumbuka ghafla kwamba ameacha ng'ombe nje.

Kwa hiyo Velda aliwafuata majumbani. Alikuwa na sheria yake: karatasi haitoki mkobani kabla ya kikombe cha pili cha kahawa. Kikombe cha kwanza ni cha habari za wagonjwa na mvua. Cha pili kikimiminwa, maana yake umekubaliwa kukaa. Hapo anatoa karatasi, anaisoma yote kwa sauti, hata maandishi yale madogo ya chini, kisha ananyamaza. Sijui amekunywa kahawa ngapi katika miaka ishirini na moja, ila najua tumbo lake limeharibika.

Na mwezi wa nane, mtoto akishapata, alimpeleka mwenyewe. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwenda mjini, na haondoki mpaka mtoto ashike ufunguo wa chumba mkononi. Jonell ndiye aliyenieleza. Alisema siku hiyo Velda huvaa viatu vyake vya buluu vya kanisani, na ufunguo ukishapatikana huenda ukumbi wa kulia chakula, analipa kama mgeni, anachukua sinia na kukaa katikati ya wanafunzi. "Anakula polepole, Baba," Jonell aliniambia, "kama mtu asiyetaka kipindi kianze." Siku niliyosikia hayo ndiyo niliyoanza kuitikia salamu yake, ingawa kwa nusu mdomo.

Sasa niingie kwa Raelyn Slone.

Nilikuwa ofisini kwa Velda nimepiga magoti kwenye kipasha joto chake, mwezi wa pili, binti huyo alipoingia na karatasi iliyorudishwa. Chuo kilikuwa kimemkubali. Kilichorudi ni fomu ya serikali ya msaada, ile ambayo bila hiyo chuo ni ndoto tu. Raelyn alisimama wima, mkoba kifuani, akasema wanadai amesema uongo.

Velda akaisoma. Penye jina la mama, Raelyn alikuwa ameandika: Orpha Slone, miaka sabini na mmoja.

Kosa hilo watoto wa huku hulifanya kila mwaka. Bibi ndiye amewalea, ndiye amewachapa, ndiye anayejua saizi ya viatu vyao, kwa hiyo wakiulizwa mama wanamwandika yeye bila kufikiri. Fomu haimtambui bibi. Inataka mama au baba na mapato yao na sahihi yao, au hati ya mahakama kwamba bibi amepewa mtoto. Baba wa Raelyn aliangukiwa na mti akikata mbao, mtoto akiwa bado anatambaa. Mama yake, Twila, binti wa Orpha, aliondoka Raelyn akiwa na miaka kumi na mmoja. Vidonge vya kulevya vilikuwa vimempata, kama vilivyowapata wengi wa rika lake. Mahakamani Orpha hakwenda kamwe. Alisema kwenda huko ni kumnyang'anya mwanawe mtoto wake.

"Hujasema uongo, mwanangu," Velda akamwambia. "Fomu ndiyo haijui watu."

Njia ilibaki moja. Chuo chenyewe kingeweza kumhesabu Raelyn kama mtu asiye na mzazi, iwapo kitapata barua mbili kabla ya tarehe mosi Mei: moja ya ndugu wa karibu, nyingine ya mwalimu anayemjua, zote zikisema mama amemtelekeza mtoto na hajulikani aliko. Zisipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine. Raelyn akauliza kama ni hayo tu. Velda akasema ni hayo tu, lakini nilimwona akifunga droo iliyokuwa imefungwa tayari.

Alikwenda kwa Orpha mara tatu, mwezi wa pili na wa tatu. Kikombe cha kwanza, kikombe cha pili, keki ya matofaa makavu yenye tabaka saba, na karatasi inapotoka mkobani Orpha anainuka kuosha vyombo. Hakugombana wala hakukataa. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi mpaka Velda akaona haya akaondoka.

Inabidi niseme habari ya simu, maana bila simu hamtamwelewa Orpha. Ni simu ya waya, rangi ya maziwa, imetundikwa ukutani jikoni. Kule bondeni kwao simu za mkononi hazishiki, lakini hata zingeshika asingeitoa, kwa sababu hiyo ndiyo namba pekee ambayo Twila anaijua kwa kichwa. Mara ya mwisho Twila alipiga miaka minne iliyopita, mchana, Jumapili. Orpha alikuwa anatoka kanisani, yuko kwenye ngazi za baraza, akaisikia. Alikimbia. Alipoinua ilikuwa imekatika. Tangu siku hiyo Orpha Slone hajatoka nyumbani mchana. Kanisa liliishia hapo. Dukani anakwenda Raelyn. Watu walimshauri anunue mashine ya kupokea ujumbe, akasema mwanawe hawezi kuongea na mashine, atakata.

Mwisho wa mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tano. Velda akanijia stoo. Akasema kijito kimefunika kivuko cha kwa akina Orpha na kigari chake hakitavuka, na siku zilizobaki ni sita. "Naomba pikapu lako, Denver, na wewe ndani yake." Nilitaka kusema nina boila. Nikachukua funguo za pikapu.

Njiani aliongea akitazama mbele. Twila, alisema, alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Velda ndiyo kwanza amepewa ofisi, hajui hili wala lile, na yule binti ana alama za juu za kutisha katika hesabu. Wakajaza fomu pamoja, chuo kikakubali, barua ikaja ikisema masomo yamelipiwa. Velda akampigia simu Orpha akamwambia kila kitu kimelipwa. Kijiji kizima kikachanga, mwingine mashuka, mwingine taa ya mezani. Binti akapandishwa basi.

"Siku ya tatu nikamkuta amesimama mlangoni pa ofisi na sanduku," Velda alisema. "Akaniambia, 'Mwalimu, wamesema chumba hakimo kwenye malipo.' Ilikuwa imeandikwa, Denver. Ukurasa wa nne, maandishi madogo. Sikuusoma."

Nilibadilisha gia. Ndiyo maana anasoma mpaka ya chini, na ndiyo maana ya ufunguo; aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mimi miaka yote nilidhani anawasindikiza watoto wetu ili ahakikishe hawarudi.

Orpha alitupokea kama kawaida. Ni mwanamke mfupi, masikio yamemtupa mkono kidogo, na amekaa siku zote kwenye kiti kinachoutazama ukuta wenye simu. Raelyn alikuwa jikoni anachambua maharage. Tukapewa kahawa. Habari za mvua zikaisha, za nyonga yangu zikaisha, kikombe cha pili kikamiminwa. Velda hakutoa karatasi.

Akasema, "Orpha, mimi ndiye niliyekuambia kila kitu kimelipwa."

Orpha akaweka birika chini. Velda akamweleza ukurasa wa nne wote, pale pale mbele ya mjukuu, bila kujipunguzia. Akasema amekuwa akiingia nyumba hii miezi miwili anataka mwenzake aandike kwamba Twila amemtupa mtoto, na yeye mwenyewe hajaweza kuiandika barua yake, maana kila akianza anaiona ile sura na sanduku. Akasema pengine Twila angekuwa leo mwalimu wa hesabu.

Nikatazama kikombe changu. Raelyn alikuwa ameacha kuchambua.

"Alinieleza," Orpha akasema. "Jioni ile ile aliyorudi. Akasema, 'Mama, usimlaumu yule mwalimu, mgeni wa kazi, hata yeye hajui.' Nami nikamwahidi. Kwa hiyo sikukulaumu." Akafuta meza kwa kiganja. "Lakini kukulaumu nilijaribu."

Kisha akaniambia nimpe kalamu. Velda akaanza kufungua mkoba, Orpha akamzuia kwa mkono, akasema ile karatasi yenye maneno yao haitaki, ataandika maneno yake. Raelyn akachana ukurasa kwenye daftari. Orpha aliandika kwa muda mrefu, ulimi nje kidogo, na alipomaliza alimpa Velda aisome kwa sauti, kama Velda anavyowasomea watu.

"Mimi Orpha Slone ni bibi wa Raelyn. Twila mwanangu aliondoka tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, ni miaka saba, amevaa koti langu la kijani. Sijui aliko. Mtoto nimemlisha mimi, na hakuna mwingine aliyeleta kitu. Sisemi mwanangu amemtupa, kwa sababu simo ndani ya moyo wake. Nasema hajarudi. Siku akirudi nitawaandikia."

Velda akasema hajui kama watakubali. Orpha akasema wasipokubali basi hawajui kusoma. Usiku ule Velda naye aliandika yake, na kesho yake zikaenda zote mbili.

Tulisubiri. Raelyn alikuwa akipita dirishani kwa Velda kati ya kila kipindi, anatazama tu, na Velda anatikisa kichwa. Nilijikuta na mimi nafagia ile korido mara tatu kwa siku. Mei ikaingia. Wiki ya pili, simu ikaja kutoka chuoni: wamekubali, msaada wote, na chumba kimo. Velda aliwauliza chumba mara tatu. Mara ya nne nadhani walikata.

Mahafali yalifanyika ukumbini kwetu Ijumaa moja saa nane mchana. Kila mtoto alipoitwa, upande mmoja wa viti ulilipuka kwa vigelegele na kengele za ng'ombe. Alipoitwa Raelyn Slone tulipiga makofi Velda na mimi. Tulijitahidi, lakini makofi ya watu wawili ukumbini ni makofi ya watu wawili. Baadaye nilimkuta nje amekaa kwenye ukingo wa saruji, joho mapajani. Nikamwambia bibi yake anampenda. Akasema anajua. Akasema, "Ila kule chuoni, Mzee Denver, kila mtu atakuja na mtu wake."

Nilimpelekea Velda neno hilo, na labda nilikosea, labda nilipatia.

Mwezi wa nane, siku mbili kabla ya safari, akaja stoo. Akasimama mlangoni, akaniuliza kama naweza kuendesha mpaka mjini. Nikamwuliza kigari chake kina nini tena. Akasema hakina kitu. Amekwenda kwa Orpha amemwambia atakaa yeye kwenye kile kiti, mchana kutwa, karibu na simu, ili Orpha ampeleke mjukuu wake.

"Na amekubali?"

"Amenihoji kuliko polisi," Velda akasema. "Nitaitikiaje, nitasema nini kwanza. Nisimwulize yuko wapi. Nimwambie tu maharage yako jikoni."

Nikamwambia asubiri kidogo. Nikamkumbusha kwamba ile ndiyo siku yake. Mwaka mzima wa kahawa chungu na fomu ni kwa ajili ya siku ile moja, viatu vya buluu na sinia. Akatazama ndoo zangu. Akasema ameshakwenda mara nyingi, na Orpha hajakwenda hata mara moja, na kwamba hana hakika kama anamdai Twila au anadaiwa. Kisha akanipa bahasha nene yenye karatasi zote, kila moja ina nakala.

"Wewe ni mtu wa funguo, Denver. Usiondoke mpaka aushike. Usikubali wakuambie utakuwa tayari kesho."

Tuliondoka saa moja asubuhi, sisi watatu kwenye kiti kimoja cha mbele, Raelyn katikati. Orpha alikuwa amevaa gauni la kanisani lililokuwa limemlegea, miaka minne halijavaliwa. Kila tulipopita mji mdogo alinitajia nani alikuwa akiishi pale, wengi wao marehemu. Tulipotoka nje ya wilaya hakuwa na wa kutaja tena, akashika mkono wa mjukuu wake.

Chuo kile, ndicho alichosoma Jonell, nilikuwa sijawahi kukiona. Nilikijua kwa barua za Jonell tu, na alikuwa ametaja jina la bweni lake, Pruitt, matofali mekundu, madirisha membamba. Likatokea mbele yangu kabla sijajiandaa. Miaka minne mwanangu aliingia na kutoka mlango ule na mimi sikujua hata unafunguka upande gani. Unafunguka kwa ndani. Kitasa chake ni kibovu, cha bei rahisi, ningekibadilisha kwa nusu saa. Nilisimama pale na sanduku la mtoto wa mtu nikatamani mno mtoto wangu awe na miaka kumi na minane, anikasirikie, tuko njiani.

Raelyn aliwekwa bweni la jirani. Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, na kijana wa kike mwenye orodha. Akatafuta jina, akakunja uso. Akasema kuna alama hapa, inaonekana chumba hakijathibitishwa.

Nilimwona Raelyn akigeuka rangi. Aliinamia sanduku lake akalishika mpini, kama mtu aliyekuwa akilingoja hilo tangu zamani. Nami nikafungua ile bahasha. Nikatoa karatasi zote juu ya meza ya binti wa watu. Nikamwambia sitoki. Nikamwambia nimefanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na tisa na najua kusubiri. Watu nyuma yetu wakaanza kunong'ona.

Binti akapekua, akaikuta ile ya chumba, akaenda chumba cha ndani, akarudi na mama mmoja wa makamo mwenye miwani shingoni. Yule mama akasoma. Akasema barua ya kukubaliwa ilichelewa ndiyo sababu ya alama, hakuna tatizo, kinachotakiwa ni mzazi kutia sahihi ya kupokea chumba. Akamtazama Orpha. "Wewe ndiye mama yake?"

Pale pangekuwa rahisi kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo. Orpha akajivuta karibu na meza, akaweka pochi yake juu.

"Mimi ni bibi yake," akasema. "Mama yake hayupo leo."

Yule mama hakuuliza zaidi. Akamgeuzia karatasi, Orpha akatia sahihi jina lake lote, herufi moja moja, pembeni, maana nafasi ya bibi haikuwepo. Na ufunguo ukatoka kwenye sanduku la chuma, umefungwa na kikaratasi chenye namba, ukaingia mkononi mwa Raelyn Slone. Niliutazama vizuri. Ni ufunguo mzuri, wa shaba.

Chumbani tulipomaliza kutandika, Orpha akasema anataka kupiga nyumbani. Raelyn akabonyeza namba kwenye simu yake akaiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio ya bibi yake, akampa. Orpha akaishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo wake.

Iliita mara moja tu. Velda hakusema haloo.

"Twila?" akasema.

Sijawahi kusikia jina la mtu likiitwa vile, na nimeita majina gizani, mgodini, baada ya mwamba kushuka. Orpha akafumba macho. Kwa miaka saba alikuwa akidhani anayeingoja sauti ile ni yeye peke yake.

"Ni mimi, mwanangu," akasema mwishowe. "Ni Orpha."

Velda akaomba radhi. Akaomba tena. Orpha akamwambia aache, kwani hata yeye angeitika vile vile. Kisha tukasikia saa ya ukutani ya jikoni kwa Orpha ikienda, umbali wote ule.

"Kashika ufunguo?" Velda akauliza.

Orpha akamtazama mjukuu wake. Raelyn akauinua.

"Kaushika. Namwona."

Velda akasema vizuri, basi ataendelea kukaa mpaka turudi, na tusikimbie barabarani.

Tulirudi saa kumi na mbili jua likiwa bado juu ya mlima. Nilimsaidia Orpha kupanda ngazi za baraza. Velda alikuwa kwenye kile kiti, uso ukutani, maharage yamefunikwa vizuri jikoni, na miguuni alikuwa amevaa viatu vyake vya buluu.